Wati Mbili Zinatosha

Ukimpelekea fundi wa muziki mjini Moshi amplifaya yako, mara nyingi swali la kwanza ni hili: ina wati ngapi? Mzee ninayemwandika hapa hafuati njia hiyo. Yeye huomba kwanza aione spika. Huigeuza, huikagua sumaku, huigusa karatasi kwa ncha za vidole, na baadaye sana ndipo hutaka kujua itaendeshwa na nini. Nimekaa karibu na meza yake nikimtazama akifanya kazi, na sasa naamini kwamba kuanza na spika ndiko kuanza kunakofaa.

Karakana ni chumba cha nyuma cha nyumba yake, upande wa Kibosho, katikati ya migomba na kahawa, mahali ambapo ukungu hushuka mapema jioni. Hakuna bango nje. Ndani kuna meza ndefu ya mbao ya mringaringa, na juu yake bisibisi zimepangwa kwa ukubwa, koleo la mdomo mwembamba, mita ya sindano, chuma cha kuchomelea, kibunda cha waya wa risasi, na brashi ya rangi aliyoikata nywele zikabaki fupi na ngumu, ya kufagilia vumbi penye kona. Kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa kalamu juu ya mbao, na kikimaliza kazi hurudishwa juu ya mchoro wake.

Kazi niliyoishuhudia ilihusu radiogramu ya Philips, yaani redio yenye meza ya santuri, ya familia moja ya jirani. Kabati lilikuwa limeliwa na mchwa, spika yake haipo, lakini chesisi, yaani bati lenye valvu na transfoma, lilikuwa zima. Redio za namna hii ziliingia sebule za Uchaggani kwa fedha za kahawa. Chama kikuu cha ushirika wa wakulima, KNCU, kilikuwa kimeundwa mwaka 1933, na baada ya Vita Kuu ya Pili bei nzuri ya kahawa ilijenga nyumba za matofali, ikasomesha watoto, na kwa wachache ikanunua chombo cha kupigia santuri. Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo, na kufika 1965 ikawa Radio Tanzania. Kisha zikaja redio ndogo za transista, za National zilizotengenezwa Dar es Salaam na za Philips zilizounganishwa Arusha. Hizo zilitumia betri na zilibebeka hadi shambani. Zile kubwa za valvu, zilizotaka umeme wa ukutani na dakika nzima ya kupata moto, zikahamishiwa stoo.

Familia hii haikutaka redio irudi kama ilivyokuwa. Ilitaka jambo moja, kusikiliza santuri za babu yao pale pale nyumbani alipokuwa akizipiga. Mzee akakubali, kisha akapanda juu ya kiti na kushusha kutoka kwenye rafu boksi lililofungwa kwa nailoni.

Ndani yake mlikuwa na spika ya Philips 9710, upana wa inchi nane na nusu. Ina koni mbili: kubwa ya karatasi nyepesi, na katikati yake koni ndogo ya karatasi ngumu zaidi, inayotoa sauti za juu. Akaweka vidole vitatu kwa nafasi sawa kuzunguka kitovu, akaisukuma koni ndani polepole na kuiachia. Alikuwa anatafuta mkwaruzo. Koili ya sauti inaning'inia ndani ya mwanya mwembamba sana wa sumaku, na koni ikiwa imepinda kidogo tu au chembe za chuma zikiingia, koili hugusa ukuta na sauti huharibika. Akarudia upande wa pili. Kimya. Akachukua betri ya volti 1.5 na kuigusisha kwenye nyaya: koni ikaruka mbele. Upande wa chanya akautia nukta nyekundu.

Palikuwa na mchaniko wa urefu wa ukucha karibu na ukingo. Hapo niliona tofauti kati ya kuziba na kutengeneza. Gundi nene ingeziba mara moja, lakini ingeongeza uzito, na wepesi wa karatasi ndio uhai wa spika hii. Alichukua karatasi ya mfuko wa chai, iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa, akaichana kwa mkono badala ya kuikata kwa mkasi ili nyuzi za pembeni zibaki laini, akailoweka katika gundi nyeupe iliyoyeyushwa kwa maji, akailaza juu ya mchaniko kwa brashi. Kisha akaiacha mpaka kesho yake. Hakuishika tena, hata kuikagua.

Wakati gundi inakauka ndipo alipoeleza kwa nini alianza hapa. Yeye amepiga besi katika kikundi cha matarumbeta cha usharika wake, kama walivyofanya wanaume wengi wa makanisa ya Kilutheri ya mlimani, na mfano wake ulitoka huko. Pulizia kipande cha mdomo peke yake, utapata mlio mdogo wa nyuki. Kichomeke kwenye tarumbeta, pumzi ile ile inajaza kanisa. Mapafu hayakuongezeka nguvu. Kilichobadilika ni jinsi pumzi inavyokabidhiwa kwa hewa ya nje.

Hesabu zinamuunga mkono. Spika hupimwa kwa kuipa wati moja na kusikiliza umbali wa mita moja. Spika nyingi ndogo za rafu za siku hizi hutoa desibeli 84 hadi 88. Spika za karatasi nyepesi na sumaku kubwa hufika 94 hadi 97. Desibeli 10 kwa macho ni tofauti ndogo, lakini kwa umeme ni mara kumi: kazi inayofanywa na wati 2 kwenye spika ya 96 inahitaji wati 20 kwenye spika ya 86. Na hata spika nzuri hupoteza mno. Yenye desibeli 92 hugeuza takriban asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, na kinachobaki ni joto ndani ya koili. Yenye 87 hugeuza kama theluthi moja ya asilimia.

Zamani hili halikuwa suala la kuchagua. Sinema za sauti zilipoenea baada ya 1927, amplifaya za wati chache zilitakiwa kujaza ukumbi wenye mamia ya watu, kwa hiyo wahandisi wakajenga spika zenye pembe kubwa zilizotumia vizuri kila tone la nguvu. Mwaka 1946 Mmarekani Paul Klipsch alianza kuuza spika ya pembe iliyokunjwa ikae kwenye kona ya nyumba. Mwaka 1954 mwenzake Edgar Villchur akageuza njia: kwa spika yake ya AR-1 alipata besi nzito ndani ya boksi dogo lililozibwa, na gharama yake ikawa kupoteza wepesi wa kuitikia. Transista ziliposhusha bei ya wati, hakuna aliyeona hasara. Simlaumu Villchur, kwa kuwa sebule ni ndogo na boksi dogo ni neema. Lakini tangu hapo tumezoea kununua nguvu na kuzichoma.

Kesho yake ilikuwa zamu ya chesisi. Kwa redio iliyolala miaka mingi, hatari kubwa ni kuichomeka ukutani papo hapo. Mzee hakuichomeka. Aliigeuza juu chini, akaifagia, akachomoa kapasita moja ya karatasi kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ni ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, EL84. Karatasi yake hunyonya unyevu, na huku mlimani unyevu haukosekani. Ikianza kuvuja, hupeleka volti chanya mahali pasipotakiwa, valvu ikavuta umeme kupita kiasi, bati lake la ndani likawa jekundu, na baada ya hapo transfoma ya sauti huungua. Kapasita mpya ni ya bei ndogo. Transfoma ya namna ile haipatikani dukani.

Kisha akahamisha kichagua volti nyuma ya chesisi kutoka 220 kwenda 245, maana umeme wa ukutani usiku hupanda. Ndipo akaleta ubao wenye balbu ya zamani ya waya, wati 60, na kuiunganisha ili umeme wote wa redio upite kwanza ndani ya balbu. Kama kuna hitilafu, balbu hubaki inawaka kwa nguvu na kubeba mzigo. Kama hakuna, hung'aa kidogo, halafu hufifia. Aliwasha. Balbu iling'aa, ikakaa, ikaanza kurudi nyuma hadi rangi ya chungwa iliyofifia. Vijiti vya ndani ya valvu vikashika wekundu. Akazima. Akawasha tena baada ya muda, akaacha zaidi. Kapasita kubwa za kuchuja umeme zilizokaa bila kazi huhitaji kurudishiwa volti kidogo kidogo, na kwa siku nzima hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuwasha, kutazama balbu, kugusa kapasita kwa mgongo wa kidole umeme ukiwa umezimwa na kumwagwa kupitia resista, kuona kama zinapata joto. Hazikupata.

Ndani ya chesisi kama hii kuna volti 250 na zaidi, nazo huua. Kila alipopima kitu kikiwa kimewashwa, mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Sikuwahi kuuona umetoka.

Hatua iliyofuata ilimshangaza mjukuu wa mwenye santuri, kijana aliyekuja kutazama. EL84 katika mpangilio wa kawaida hutoa zaidi ya wati 5. Mzee alikata waya wa gridi ya pili, akaiunganisha na anodi kupitia resista ya omu 100, na resista ya kathodi akaiweka ya omu 270. Kwa mpangilio huo valvu hutoa wati 2 hivi.

“Mzee, si tunaipunguza nguvu?”

“Tunaipunguza, mjukuu wangu. Vuta subira.”

Alichonunua kwa zile wati tatu ni utulivu. Valvu ikiunganishwa hivyo huishika spika vizuri zaidi, koni haiendelei kutikisika baada ya noti kwisha, na sauti husafika. Akapima juu ya ile resista ya 270: volti 9.5. Akagawanya kichwani, miliampea 35, akatikisa kichwa kukubali. Valvu inachoma takriban wati 9 ili kutoa 2. Ndiyo maana hizo 2 hazitakiwi kupotea.

Na hapa ndipo penye ndoa yenyewe, transfoma ya sauti. Valvu ina volti nyingi na mkondo mdogo. Spika inataka kinyume chake. Transfoma inapatanisha, lakini kwa uwiano wake maalumu, na ya kale haina maandishi. Mzee aliipa upande mmoja volti 6.3 kutoka waya wa kuwashia valvu, akapima upande wa pili: 0.23. Uwiano, 27. Ukizidisha 27 kwa 27 unapata 729, na mara omu 7 za spika yake, 5,103. Hiyo ndiyo omu ambayo valvu itaiona. Jedwali la valvu linashauri 3,500 kwa nguvu ya juu kabisa. Spika ya omu 4 ingemsogeza karibu zaidi na wati zile 2 kamili. Kwa hii ya 7 atapoteza kidogo, lakini makosa ya sauti yatapungua. Alikaa na penseli mkononi muda mrefu akitazama tarakimu hizo. Kisha akaandika 7 na kuizungushia duara.

Spika ilipounganishwa kwa majaribio, ikatoa mvumo. Spika ya kawaida isingeuonyesha, ila hii inayosikia kila kitu husikia pia uchafu wa amplifaya. Mzee aliinama, akaweka sikio karibu na karatasi, akasema iko miwili. Mmoja mzito na laini, wa hezi 50, unatoka kwenye nyaya za kuwashia valvu. Mwingine una ukali kidogo, hezi 100, na huo unatoka kwenye kapasita za kuchuja. Mimi nilisikia mvumo mmoja tu mpaka alipoondoa wa kwanza. Alifumua nyaya, akazisokota mbili mbili kwa mkazo ulio sawa, akazilaza kwenye kona ya bati, akaweka resista mbili za omu 100 kutoka kila waya hadi ardhi. Wa hezi 50 ukaondoka, na nikausikia ule mwingine ukiwa peke yake, mkavu, kama alivyosema. Kapasita mpya ikaumaliza. Ulibaki mnong'ono hafifu, akausaka hadi kwenye waya wa ardhi wa meza ya santuri uliogusa bati mahali pawili, akaacha mahali pamoja tu. Hakuna hata mara moja aliyobadilisha vitu viwili kwa pamoja. Kimoja, kisha sikio. Kimoja, kisha sikio.

Kichwa cha sindano nacho kilikuwa kimekufa, kwa sababu fuwele yake ni ya chumvi inayoyeyuka kwa unyevu. Akafunga cha seramiki, chenye ncha mbili, moja ya santuri za zamani zenye mfereji mpana.

Kilichobaki ni mahali pa kuiweka spika. Spika nyepesi haipendi boksi dogo. Ikibanwa hupoteza besi. Lakini ikiachwa hewani, sauti ya mgongoni huzunguka na kufuta ya mbele. Mzee alijenga ubao mkubwa, urefu sentimita 120 na upana 90, wa plaiwudi mbili zilizotenganishwa na fremu ya mgrevilea ya sentimita 2.5, na nafasi ya katikati akaijaza mchanga. Mbinu hii ilitumiwa miaka ya 1950 na Gilbert Briggs, mwanzilishi wa kampuni ya spika ya Wharfedale kule Uingereza: mchanga hula mtikisiko, mbao haiimbi. Mchanga wenyewe aliuchekecha mara mbili, na kwa kuwa jua la Kibosho haliaminiki, aliukaanga kwenye karai juu ya moto mpaka ukawa unatiririka kama maji. Ukiingia na unyevu, plaiwudi huvimba. Akaumimina kidogo kidogo, akigonga pembeni kwa nyundo ya mbao ili ushuke. Tundu la spika hakulikata katikati, bali alilisogeza upande, ili umbali wa kila ukingo utofautiane na sauti zisiungane kuharibu noti moja. Alipomaliza aligonga ubao kwa kifundo cha kidole. Ukajibu kwa mlio mfupi usio na mwangwi. Uzito ulikaribia kilo 50, na ulibebwa na vijana wawili kupitia njia ya migombani.

Sebuleni ukasimamishwa kukatiza kona, kuta mbili za matofali zikawa mbawa zake, blanketi kuukuu likaning'inizwa nyuma. Spika moja tu. Santuri hizo zilirekodiwa kwa njia moja ya sauti, na ya pili isingeongeza kitu.

Santuri ya kwanza ilikuwa ya Frank Humplick, kijana wa Moshi aliyeimba na dada zake miaka ya 1950, gitaa na sauti tatu. Watu walikaa kwenye makochi kama kawaida, wengine wakisimama mlangoni. Gitaa lilianza na kila kidole kilisikika kikiacha uzi. Sauti za kina dada zilikaa nyuma kidogo ya ya Frank, kila moja mahali pake, na herufi za mwisho wa maneno zilifika nzima. Mkwaruzo wa santuri ulikuwepo, lakini ulikaa pembeni, haukuufunika wimbo. Mzee alikuwa amechuchumaa na mita yake kwenye nyaya za spika. Sindano ilicheza karibu na robo ya volti. Kwa omu 7, hiyo haifiki hata sehemu moja ya mia ya wati, na chumba kilikuwa kimejaa. Walipoimba kwa nguvu iliruka hadi volti 2.6, yaani wati moja. Wati ya pili haikuguswa. Mjukuu alikuja kuitazama ile mita, akaitazama tena, akarudi kukaa.

Lazima niseme pia ambacho mfumo huu hauwezi. Hautapiga harusi. Besi ya chini kabisa, ile inayotikisa madirisha ya daladala, haimo, na anayependa Bongo Fleva kwa ajili ya besi hiyo atafute kitu kingine. Kwa sauti ya mtu, gitaa na saksafoni za bendi za zamani, sijasikia kilicho bora katika nyumba yoyote mlimani.

Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani kwenu kuna redio ya valvu stoo, usiichomeke ukutani “kuona kama bado inafanya kazi”. Ipeleke ilivyo kwa fundi atakayeanza na balbu. Na spika kuukuu yenye karatasi nyepesi, hata kama imechanika, usimuuzie mnunua vyuma chakavu. Ifunge nailoni, iweke mahali pakavu. Valvu za EL84 bado zinatengenezwa hadi leo. Spika za aina ile zilizobaki ni chache, na hazirudi kiwandani.